Kanisa Lililogeuzwa

Likombe, Mtwara
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Hemedi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba wifi hajambo, watoto hawajambo, na viboko wa Ruvuma hawakuugusa mpunga wenu mwaka huu. Shikamoo nimeiandika kwa sababu mama alinilea hivyo, na kwa sababu ni wewe uliyeshikana mkono na mume wangu siku ya ndoa yangu, ukatamka maneno ya kunioza. Isingekuwa hayo mawili ningeanza moja kwa moja na hasira.

Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunakula na tunalala. Nimekupigia simu tangu Jumapili. Yangu haiiti kabisa, ya Yassini vilevile. Ya Bi Farida iliita vizuri, ukapokea, ukasikia sauti yangu, ukakata. Nimeelewa kwamba umetufungia namba, ndiyo maana nimenunua karatasi. Barua hii nampa Jumanne, dereva wa gari la Mahurunga, na nimemwomba akukabidhi mkononi mbele ya watu wa kituoni, usije ukasema haikufika.

Kabla ya yote nataka ujue kwamba mimi ni mwanamke mwenye furaha. Nakwambia hivyo ili uelewe ulichotaka kukivunja. Yassini akitoka asubuhi kwenda kazini hurudi mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, anapapasa mifuko, anaangalia chini ya kitanda, kumbe kitu chenyewe ni mimi. Unakumbuka alivyokuja kusakafia jiko la mama kule Mikindani, akanitengenezea na rafu ya vyombo. Hakunipima kwa futi. Siku niliyoinua mkono kuweka sahani ya kwanza, rafu ilikuwa pale pale vidole vyangu vinapofika, nikajua kwamba huyu mtu siku zote hizo alikuwa hatazami sakafu peke yake. Jioni tukipata nafasi tunakwenda kutembea Shangani. Ananunua mihogo ya kukaanga, anachagua vipande laini vya katikati ananipa mimi, vyenye mizizi anakula yeye, na ananiapia kwamba ndivyo avipendavyo. Saruji imemchubua viganja mpaka vimekuwa kama gome, na mimi navipaka mafuta ya nazi naviona vizuri kuliko viganja vya mtu yeyote wa ofisini. Mashoga zangu wananicheka. Wanasema nitachoka. Wamesema hivyo tangu Idi, na mimi bado namsikiliza akifungua komeo na moyo unaruka.

Huyo ndiye mtu uliyemtupa mbele za watu, kaka, na sasa nitakueleza jinsi ulivyomtupa, kwa sababu wewe ulisema maneno yako ukapanda gari ukaenda zako, na sisi tukabaki tunaishi nayo.

Kanisa la hapa Likombe unalijua, ulipita ukaliona. Wenyewe wengi wao ni watu wa Newala na Masasi waliohamia mjini, na kwa miaka wamekuwa wakisali chini ya turubai, mvua ikija wanakunja viti na kukimbilia vibarazani kwa majirani. Walipopata kiwanja walianza wenyewe. Kila Jumamosi msaragambo. Wanaume wanafyatua tofali, wanawake wanabeba maji kichwani kutoka bombani kwa Bi Farida, wanaimba nyimbo zao za Kimakonde huku wakitaniana nani ana shingo fupi. Mama mmoja aitwaye Beatrice ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwanamke mnene, mcheshi, anayebeba ndoo kama wenzake na kukaripia kama bwana shamba. Yeye ndiye aliyemchukua Yassini kuwa fundi. Wengine walimuuliza kwa nini Mwislamu, akawajibu kwamba yeye anatafuta mtu wa kusimamisha ukuta, mahubiri wanaye padri.

Yassini alipokuja kupiga kamba za msingi, mwaka jana mwishoni, kamati ilitaka kanisa lilale kuelekea mashariki, altare iwe upande wa jua linakochomoza. Ndivyo makanisa ya zamani ya kwao yalivyo, na padri wao mzee anapenda hivyo. Yassini akapima, akazunguka, kesho yake akamwambia Mama Beatrice kwamba upande wa mashariki wa kiwanja udongo ni laini, palikuwa na kichuguu, ukuta utapasuka. Akashauri kanisa ligeuzwe lielekee kaskazini. Mama Beatrice akampelekea padri habari hiyo, padri akasema kama ni sababu ya udongo basi, Mungu hapotei njia. Msingi ukachimbwa kuelekea kaskazini. Jamvi la zege likamwagwa, kuta zikapanda, kwenye Idi zilikuwa zimefika lenta, juu ya madirisha, na siku chache baada ya Idi nikaolewa.

Sasa kumbuka harusi yangu. Kumbuka mkeka wa wanaume pale uani kwa mama, pilau limeletwa, na vijana waliomsaidia Yassini kanisani wamekaa nanyi kwa heshima, maana aliwaalika wote, Wakristo na wasio Wakristo. Wewe ukainua sauti. Ukasema muacheni shemeji yangu ale ashibe, kafanya kazi kubwa, kawageuza watu wa Likombe wote wanaelekea kibla na wenyewe hawana habari. Ukasema bado kuwanyoa tu. Watu wakacheka mpaka wali ukawatoka puani. Mimi nilikuwa ndani na hina mikononi, nikasikia kicheko, nikacheka na mimi bila kujua kinachochekwa. Nilidhani ni utani wa mashemeji. Nilidhani unampenda.

Maneno yako yalifika Likombe kabla bibi harusi hajafika. Mwanzoni yalikuwa mzaha. Saidia fundi wakawa wanamwita Yassini Shehe wa Kanisa, wakimpa tofali wanasema pokea ustadhi. Yassini akicheka nao. Kisha wanawake wa ndoo za maji wakaanza kusema kwamba huyu mtu katuingiza msikitini kwa mlango wa nyuma. Kisha yakamfikia Mzee Anold. Huyu ni mzee wa kanisa, alikuwa askari magereza, mtu mrefu asiyekaa akiongea, na alichangia mabati yake mwenyewe aliyoyanunua kwa ajili ya nyumba yake. Mzee Anold hakuona mzaha wowote hapo. Akasema yeye hakutoka Masasi kuja kusali kwa kuelekezwa na fundi.

Na upande wetu nako usifikiri palikuwa na nafuu. Yassini alikuwa akitoka msikitini watu wanampa mkono kwa jambo ambalo hakulifanya. Sokoni muuza kahawa akakataa kupokea hela yake, akamwambia mtu kama wewe hanywi kwa kulipa. Yassini akaiacha kahawa ikapoa, akaondoka. Alirudi nyumbani siku hiyo akaisukuma sahani, nikamuuliza amekula nini kibaya. Akasema amekula sifa. Nilidhani ananitania nikambusu kwenye paji la uso. Ona jinsi nilivyokuwa mjinga wa furaha.

Wiki iliyopita Mzee Anold akaja na mtalimbo. Ilikuwa Jumamosi ya msaragambo, watu wamejaa. Akaenda upande wa mashariki, pale palipoambiwa pana udongo laini, akainua mtalimbo akauchoma ardhini kwa nguvu zake zote. Chuma kikalia kama kimepiga mwamba. Akahama hatua kidogo, akachoma tena, kikalia vilevile. Akamwita Yassini mbele ya watu wote akamuuliza kichuguu kiko wapi. Amwoneshe hata mchwa mmoja. Mama Beatrice akasimama na ndoo yake kichwani akisubiri jibu, na nimeambiwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiomba kwa macho Yassini aseme kitu. Yassini alifuta mwiko wake, akauweka kwenye mfuko, akasimama kama mtoto anayesubiri fimbo.

Wakampumzisha kazi hapo hapo. Kamati ikakaa ikaamua kuta zivunjwe, tofali zitakazopona zitumike tena, na fundi mwingine achimbe msingi mpya kuelekea mashariki kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kazi ianze Jumatatu. Fikiria, kaka. Wanawake wale waliobeba maji yale yote. Wengine walilia wakishika kuta, na waliolia walimtukana mume wangu huku wakilia, na siwalaumu, kwa sababu hata mimi ningemtukana. Fundi Mwislamu aliyewadanganya habari ya udongo ili wasujudu anakotaka yeye. Nani atampa kazi tena hapa mjini? Nani, kati ya Wakristo, na nani kati ya Waislamu wenye akili?

Mimi nilimwamini Yassini hata kabla sijajua sababu. Naiandika hii kwa fahari. Nilimwambia usiku huohuo kwamba kama umegeuza una sababu, na kama hutaki kuniambia leo utaniambia kesho. Akaugeukia ukuta. Mume wangu alikuwa hajawahi kugeukia ukuta, kaka. Analala akinitazama.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, nikaenda kwa Bi Farida kununua vitumbua. Unamjua, nyumba yake inapakana na kile kiwanja, amekaa pale tangu enzi za baba. Akaniangalia, akaacha kugeuza vitumbua mpaka vikaungua, akaniuliza kama mume wangu amekubali kuitwa mwongo ili mtoto wa Sabra alale kwa amani. Nikamwambia mimi ndiye mtoto wa Sabra, na nalala vizuri. Akasema si wewe. Mwenzio wa kwanza.

Nilikuwa najua kwamba mama alimzaa binti wa kwanza akafa mchanga. Ndivyo nilivyoambiwa, basi, na mama hakupenda kuulizwa. Mimi ni wa mwisho, na wakati wa kwenda makaburini kabla ya mfungo aliyechukuliwa alikuwa wewe. Sikujua kwamba kaburi la mtoto yule lilikuwa kwenye shamba letu la Likombe, chini ya mkorosho. Wewe ulijua. Kila mwezi wa Shaabani ulishika ufagio ukaenda na mama, ukafagia, yeye akamwagia maji na kusoma. Miguu ya mama ilipoanza kuvimba ukawa unakwenda peke yako, ukirudi unamwambia tayari.

Na mama alipokubali kuuza shamba aliuza kipande cha juu tu, cha barabarani. Nilikuwepo akisema. Alisema kipande cha chini chenye mkorosho hakiuzwi hata akija mfalme, na mimi nikadhani mama anapenda korosho. Wewe uliwauzia watu wa kanisa vyote viwili. Ulisimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mbele ya Mama Beatrice, ukaulizwa kama kuna kaburi, kama watu wanavyoulizwa, ukasema hakuna. Wakaukata mkorosho wakiamini neno lako.

Bi Farida akaniambia yaliyobaki. Siku Yassini anapiga kamba za kwanza, kule mwisho wa mashariki, pale pale ambapo altare ingekaa, kamba ilinasa kwenye kitu ndani ya majani. Mawe mawili madogo ya matumbawe, moja la kichwani, moja la miguuni, na katikati yake nafasi ya mkono mmoja. Kando ya jiwe la kichwani kuna bakuli la kaure limepasuka, lenye maua ya bluu. Yassini akamuuliza Bi Farida ni nani huyu, akamwambia. Akachuchumaa pale muda mrefu. Kisha akang'oa vigingi akaenda kusema uongo wa kichuguu. Na Shaabani ilipofika, Bi Farida alimwona akija alfajiri na ufagio wa chelewa, anafagia, anamwaga maji, anarudisha majani juu ili watu wasijue, na wakati huo mimi na yeye tulikuwa wachumba tu.

Bakuli la pili la maua ya bluu liko kabatini kwa mama. Unalijua. Haturuhusiwi kulinywea.

Mwezi huo huo wa Shaabani, kaka, wewe ulikuja Mikindani ukamwambia mama kwamba umefagia. Nilikuwa jikoni nasikia. Ulimwambia mkorosho umenenepa, kivuli chake kinamfunika mtoto vizuri, asiwe na wasiwasi. Mkorosho ulikuwa umeshakuwa kuni za kuchemshia chai ya mafundi. Mama akakuombea dua, akakupa samaki wa kwenda nao Mahurunga. Uliwapokea. Nimekaa na jambo hilo siku hizi zote na bado sijui ulitumia mkono gani kuwapokea.

Nikarudi nyumbani na vitumbua vilivyoungua. Yassini alikuwa anaosha vifaa vyake, anavikausha kimoja kimoja kama mtu anayewavika watoto. Nikamwambia najua. Hakushtuka, alichoka tu, akakaa chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile, pale mbele ya mtalimbo, neno moja tu, kaburi. Akasema ni aibu ya ukweni. Mtu hajamaliza hata mwaka kwenye ndoa, hawezi kusimama mbele ya umati akamwita shemeji yake mwongo na kumwambia mama mkwe wake kwamba kaburi la mwanawe limeuzwa. Nikamwambia basi ungeniambia mimi. Ndipo akanieleza lile la mwisho, na akanieleza akiwa ametazama mwiko, siyo mimi.

Alikuja kwako. Kabla ya kugeuza msingi alipanda gari mpaka Mahurunga, akakueleza alichokiona, akakuomba kwa adabu uje mwenyewe uzungumze na watu wa kanisa, kwamba ni waelewa, watakata kipande kidogo, na mama asijue lolote. Ulimsikiliza mpaka mwisho. Kisha ukamuuliza kama anamtaka Husna. Akasema anamtaka. Ukamwambia walii wa Husna ni wewe, baba hayupo, na mkono wa kumwozesha ni huu, basi achague kati ya kuoa na kuchimbua maneno. Akasema atachagua kuoa na kulilinda kaburi, vyote viwili kwa kunyamaza. Akarudi akageuza kanisa.

Nilimkasirikia hata yeye, nisikufiche. Nilimwambia kwamba mimi si kiwanja, nisiuzwe na mmoja na kununuliwa kimya kimya na mwingine. Nilikasirika muda wa kuchambua na kupika sufuria zima la mchele. Wali ulipoiva nilimpakulia, nikaona anakula na machozi yanadondokea kwenye sahani, anajifanya ni pilipili na pilipili sikuweka. Hasira ikaniishia kwake. Haikuniisha, ilihamia kwako yote.

Kwa sababu wewe ulijua. Ulipita ukaliona kanisa limegeuzwa, ukajua limegeuzwa kwa ajili ya dada yako, kwa ajili ya kuificha aibu yako, na ukalifanya mzaha kwenye harusi yangu. Ulitaka iwapo siku moja mtu atauliza mbona kanisa hili limelala hivi, jibu liwe tayari, na jibu liwe Yassini. Ule haukuwa utani wa shemeji. Ulimfunga mtu kinywa kisha ukamtupia mawe.

Sasa nakueleza nilichofanya, na sikuombi radhi.

Kuta zilikuwa zivunjwe Jumatatu na msingi mpya upite juu ya mtoto. Yassini alisema tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu ametuachia sisi. Nikajitanda, nikaenda kwenye turubai lao. Ibada ilikuwa inamalizika. Sijawahi kusimama mbele ya watu wengi, kaka, hata shuleni nilikuwa nakaa nyuma. Mzee Anold akaniona akasema mke wa shehe amekuja kutuhesabu. Watu wakaguna. Mama Beatrice akamwambia akae au amwazime huyo mtoto kiti, achague. Akanipa kiti. Sikukalia. Nikawaambia mimi ni Husna binti Sabra, shamba hili lilikuwa la baba yangu, na pale mashariki amelala dada yangu. Nikawaambia aliyeuza alijua, na ni kaka yangu, na jina lake ni Hemedi. Nililisema kwa sauti. Nikawaambia fundi wenu hakuwageuza nyinyi, aligeuza kanisa ili msisimame juu ya mtoto wa watu bila kujua.

Tukaenda wote, padri mbele. Bi Farida akaondoa majani kwa mikono yake. Mawe mawili, na bakuli. Na pembeni, karibu kabisa na jiwe la miguuni, yale matundu mawili ya mtalimbo. Mzee Anold aliyatazama yale matundu, akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi kama usukani. Alisema kwamba alikuwa achome na mara ya tatu. Akasema tena, akiwaambia watu wasiomuuliza, kwamba mkono ulichoka tu, asingechoka angechoma.

Kuta hazivunjwi. Kanisa litabaki lilivyo, na padri akasema kama kuna mtu atakayewacheka kwa kuelekea kaskazini aje aoneshwe sababu. Upande wa mashariki watajenga ukuta mfupi kulizunguka kaburi, na mlango utakuwa upande wa Bi Farida ili mama asilazimike kupita kanisani. Yassini amerudishwa kazini. Jumatatu jioni Mzee Anold alikuja kwetu na jogoo mzima chini ya kwapa. Hakuomba msamaha, hajui unakoanzia. Alisema tu jogoo huyu mchinjeni wenyewe, ili na mimi nile kwenu. Yassini akamchinja, nikampika kwa nazi, wakala sinia moja, na Mzee Anold alilalamika kwamba chumvi ni kidogo mpaka akamaliza.

Na mama anajua. Hilo ndilo ulilokuwa unaliogopa, na mimi ndiye niliyemwambia, jana, chumbani kwake Mikindani, nimeshika miguu yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kwamba Shaabani hii nani alifagia. Nikamwambia Yassini. Akaomba tumletee bajaji.

Alipofika alikataa kushikwa. Alikwenda na fimbo yake mpaka kwenye mawe, wanawake wa kanisa wakamtandikia mkeka wakasogea mbali wenyewe bila kuambiwa. Mama akakaa. Akamimina maji taratibu kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayemwogesha mtoto. Akamwita kwa jina. Anaitwa Zainabu, kaka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia jina la dada yangu, na nimelisikia kwenye uwanja wa ujenzi, katikati ya kokoto, watu wa Masasi wakiwa wameinamisha vichwa. Kisha mama akageuka akamtafuta mume wangu kwa macho, alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wake mwenyewe kwa haya ya ukwe. Akamwambia aje. Akamshika viganja vile vilivyochubuka, akavigeuza huku na huku, akamwambia tangu leo aingie kabatini kwake anywe kwenye bakuli lolote analotaka.

Basi kaka, karatasi inakwisha na Jumanne anapiga honi.

Yassini anakusalimu. Nilimkataza, amekataa kukatazika, anasema wewe bado ni shemeji yake. Bi Farida anakusalimu, na anasema simu yake siku nyingine usiikate, ina gharama. Mama Beatrice anakusalimu, anakungoja useme mwenyewe mbele ya kamati ulichokisema mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee Anold hakusalimu ila ameuliza unapenda kuja siku gani. Wasalimie wifi na watoto, hao hawana kosa nami.

Mama nilimuuliza kama nikuandikie salamu zake. Akasema salamu zako ameziacha Likombe kwa Zainabu, uzifuate huko, na uje na ufagio.

Mdogo wako,
Husna, mke wa Yassini